Filamu Isiyo na la Kutafsiri

Kwa miaka kumi na saba nimeishi kwa kusema maneno ya watu wengine. Nina chumba cha mbao na mabati hapa Masisi, si mbali na soko, na ndani yake mna mabenchi, televisheni moja kubwa, spika mbili na kiti changu cha plastiki kando ya ukuta. Watu wanakiita sine. Filamu zinakuja na lugha zao, nami nakaa na mikro ya kusemea mkononi nikizitia katika Kiswahili chetu: huyu anamtisha yule, yule analia, huyu bunduki yake imekwisha risasi. Filamu ikiwa na Kifaransa kilichoandikwa chini, natafsiri kweli. Ikija na lugha ambayo hata salamu yake siijui, naangalia nyuso tu na kubuni, na mpaka leo hakuna aliyewahi kulalamika.

Kazi hii ina sheria moja, nayo haikuandikwa popote. Kimya ni hitilafu. Nikinyamaza muda wa mtu kumeza mafunda mawili ya chai, vichwa vinaanza kugeuka. Kwanza wanadhani jenereta imeleta maneno yake. Kisha wanadhani nimesinzia, na mtu wa nyuma atagonga ukuta wa mbao kwa kiganja ili niamke. Kwa hiyo nimejifunza kujaza. Mtu kwenye filamu akivuka barabara bila kusema kitu, mimi nitamsemea anakokwenda, anamchukia nani na amekula nini. Nimechoka nayo, nisiwadanganye. Kuna siku nafika nyumbani sitaki hata kumjibu mke wangu anaponiuliza kama nitakula sasa ao nitaoga kwanza.

Kifaransa ninachotumia kazini nilifundishwa na kaka yangu mkubwa. Yeye ni mwalimu wa fizikia huko Walikale, alikwenda kule kijana, akaoa kule, akabaki. Tulipokuwa wadogo alinikalisha chini kila jioni na kitabu kimoja kisicho na jalada, na nikikosea alinirudisha mwanzo wa ukurasa bila kupandisha sauti. Ni mtu wa maneno machache. Baba alikuwa akisema kwamba huyu wa kwanza na mimi wa mwisho tuligawiwa ulimi mmoja, na mimi nikachukua wote.

Miaka sita iliyopita alikuja kututembelea. Mwaka uliotangulia yeye na mkewe walikuwa wamekimbia vita na kujificha porini kama wengi wa upande ule, wakarudi wote wawili salama. Nilimpigia simu, nikamuuliza kama wako wote, akasema wako wote, nikamshukuru Mungu, tukazungumzia bei ya simenti. Sasa alikuwa amekuja mwenyewe, siku mbili juu ya pikipiki, tope mpaka kwenye masikio. Hakuwa na zawadi ya nyama ya porini ambayo sote tuliitazamia. Alikuwa na flashi moja ndogo mfukoni mwa shati, ameifunga ndani ya kitambaa kama dawa.

Ndani yake mlikuwa na filamu tatu za mambo ya anga. Mimi filamu za anga nazipenda. Zina vyombo vinavyolipuka, viumbe wenye macho manne, watu wanaokimbia, na mdomo wangu unapata kazi. Lakini hizi za kaka zilikuwa za aina nyingine, zile ambazo watu wenye elimu huzitazama wakiwa wameshika kidevu. Moja ilikuwa ukungu. Nasema kweli, ukungu mtupu kwa karibu saa nzima, na sauti ya mzee akiuliza kama wakati upo. Nilimwambia kaka kwamba ukungu ninao hapa nje ya mlango, kila asubuhi, na hauniulizi maswali.

Ile aliyoipenda ilikuwa nyingine. Mtu mmoja yuko kwenye kituo kidogo, kwenye sayari ya mbali ya vumbi. Mwenzake amevaa nguo zile nzito na kofia kubwa ya kioo, amefungua mlango, ametoka kwenda kutengeneza antena. Basi. Kutoka hapo ni kungoja. Anapima hewa, anaandika namba, anatazama mlango. Kuna mahali kamera inakaa mbele ya mlango huo mpaka unahisi aliyekuwa akiishika amekwenda kujisaidia. Kila asubuhi mtu yule anaosha vikombe viwili, chake na cha mwenzake, anavifuta, anavipanga. Filamu inakwisha akiwa anafuta kimoja, na mlango haujafunguliwa. Wewe mtazamaji huelezwi kama mwenzake alirudi ao alikufa.

Tulibishana juu yake kwenye meza yangu siku mbili, mbele ya chai ya maziwa na jibini ambayo mke wangu anaikata vipande vikubwa akiona kuna mgeni. Mimi nilisema hayo ni majivuno. Nilisema mtu aliyetengeneza kitu hicho amekula akashiba, hajawahi kungoja chochote isipokuwa chakula mezani, ndiyo maana anaona kungoja ni jambo la kupigia picha. Nilisema akikosa hadithi anaweka kimya, kisha anatuachia sisi aibu ya kutoelewa. Nilijipenda sana nilipokuwa nikisema hayo. Kaka alisikiliza yote, akajibu kwamba filamu nyingine zinakushika shati na kukuburuta, hii inakaa kando yako. Nikamwambia hata ng'ombe anakaa kando yangu. Akatabasamu kidogo, akaniomba niionyeshe kwenye sine Jumapili baada ya misa.

Nilikubali. Ni kaka yangu. Ndipo akaweka sharti lake, na maneno yake nayakumbuka yalivyo.

"Hii, mudogo wangu, usiitafsiri. Pale anasema, sema. Pale ananyamaza, na weye unyamaze."

Nikaahidi.

Jumapili ile chumba kilijaa. Kulikuwa na wachungaji wa ng'ombe walioshuka na maziwa, akina mama wa sokoni, waendesha pikipiki wakingoja mvua ikatike. Kaka alikaa benchi la mbele, amevaa koti lake la kufundishia, mikono juu ya magoti. Nilitafsiri yale maneno machache ya mwanzo, yule mwenzake wa kofia ya kioo akatoka nje, mlango ukafungwa, kimya kikaanza. Nilivumilia. Nadhani nilivumilia kama dakika kumi, na kwa mtu wa kazi yangu dakika kumi ni kufunga bila maji. Vichwa vikaanza kugeuka. Mtu akagonga ukuta. Mwingine akauliza kama spika imekufa. Wawili wakasimama, wakaelekea mlangoni, na mimi nikaona aibu inanipanda shingoni, kwa sababu wale watu walikuja kwangu, si kwa yule mtu wa vumbi.

Mtu yule akachukua vikombe viwili akaanza kuviosha. Nami nikasikia sauti yangu inatoka kwenye spika.

Nilisema anaosha kikombe cha mama mkwe wake. Nilisema mama mkwe ameahidi kuja kutembea tangu mwaka jana, lakini barabara ya Walikale imemshika, pikipiki imezama, mbuzi aliyekuwa anamletea ameliwa na dereva. Chumba kikalipuka kwa kicheko. Wale wawili wakarudi kukaa. Basi tena, nani angenizuia? Mtu akitazama mlango, mimi namsemea, "Mama, ingia, maji ya kuoga yanapoa." Akiandika namba, nasema anahesabu siku ambazo amekula maharage bila mafuta. Watu walishika mbavu. Mama mmoja muuza jibini, mkubwa wa mwili na wa sauti, aliniomba nipumzike kidogo kwani kitenge kinamfunguka.

Nilipotazama benchi la mbele, nafasi ya kaka ilikuwa tupu. Niliambiwa baadaye kwamba aliinuka akatoka pale pale nilipoanza na vikombe. Asubuhi iliyofuata alikuwa ameshafunga mfuko wake kabla mke wangu hajawasha mkaa. Hakunywa chai. Hakunitukana, ingekuwa afadhali. Aliniachia flashi juu ya meza, akasema nibaki nayo kwa kuwa sasa filamu ile ni yangu, akapanda pikipiki.

Na kweli ikawa yangu. Kwa miaka sita hiyo ndiyo filamu iliyonipa jina. Watu walikuja kutoka Kitshanga wakiulizia ile ya yule mtu wa kopo kichwani, yaani kofia ile ya kioo. Niliionyesha Pasaka, niliionyesha Noeli, na kila mara niliongeza: mama mkwe akapata wifi, wifi akapata mimba. Nilikuwa ninajua kwamba nimevunja ahadi, na nilijipoza kwa kujiambia kwamba kaka ana majivuno ya walimu, amenuna kwa sababu watu walicheka badala ya kushika kidevu. Kati yetu salamu zilipita kwa wake zetu tu. Mke wangu alimaliza simu akisema, "Kaka anasalimu," nami nikasema, "Msalimu."

Mwaka huu, mwanzo wa mvua, sauti yangu ilikatika. Ilianza kwa kukwaruza, nikanywa tangawizi na asali kama kila mtu alivyonielekeza. Kisha ikawa inatoka nusu ya neno. Daktari wa Goma aliingiza kamera yake ndogo kooni, akasema kuna uvimbe kwenye nyuzi za sauti, na dawa ya kwanza ni kunyamaza miezi miwili. Kunyamaza kabisa, hata kunong'ona ni marufuku. Nikivunja amri, ninaweza kuipoteza yote. Nilirudi Masisi na daftari la shule na kalamu imefungwa kwa kamba shingoni. Mke wangu alisema nyumba imepumzika, akacheka, kisha nikamkuta nyuma ya jikoni akifuta macho.

Sine bila mdomo ni banda tu. Niliweka filamu za vita zijiendeshe zenyewe, watu wakatazama kidogo, wakauliza, "Anasema nini huyu?" wakageuka kunitazama, wakaniona na daftari langu, wakainuka kwa heshima, mmoja mmoja. Wiki ya tatu niliwasha jenereta kwa ajili ya watu wanne, na wawili kati yao walikuja kuchaji simu. Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nililala mchana nikitazama mabati na kuogopa kwamba kazi yangu imekwisha na mimi bado nipo.

Mke wangu ndiye aliyempigia kaka, bila kuniambia. Siku moja baada ya chakula cha mchana nilisikia pikipiki uani, nikatoka, nikamkuta anashuka, mvi zimemshuka mpaka kwenye ndevu, tope lile lile. Alinitazama koo kwanza, kisha uso. Sikuwa na sauti ya kusema chochote na daftari nilikuwa nimeliacha ndani. Akasema atakaa mpaka dawa ya daktari ikamilike, na kwamba yeye atatafsiri.

Lazima niseme ukweli, kaka alikuwa mtafsiri mbaya kupita wote niliowahi kusikia. Alishika mikro kama chaki. Gari likiruka juu ya daraja, yeye anasimamisha kila kitu kueleza kwamba kwa uzito ule na mwendo ule gari lingeangukia pua. Mtu akipigwa risasi sita na kuendelea kukimbia, anaomba radhi kwa niaba ya filamu. Lakini watu walirudi. Nusu walikuja kumcheka, na wengi waliofundishwa na walimu wa aina yake walikuja kwa hofu ya zamani. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki, bila mikro, nikimtazama mzee wa watu anavyohangaika kwa ajili yangu, na moyo uliniuma.

Jumapili ya pili, filamu ilipokwisha, yule mama muuza jibini alisimama akasema tuwekewe ile ya kopo kichwani, ile ya mama mkwe. Chumba kizima kikaitikia. Kaka hakuelewa mara moja. Akawauliza ni filamu gani, nao wakamsimulia wakipokezana: vikombe, mbuzi, wifi, mimba. Walikuwa na furaha, na hawakujua wanayemsimulia. Nilitamani ardhi inifungukie. Kaka alisubiri wamalize, akageuka kwangu na kuniuliza kama bado ninayo. Nikaitika kwa kichwa. Akawaambia warudi Jumapili inayofuata.

Wiki ile hatukuizungumza. Mara mbili nilifungua daftari ili niandike samahani, mara mbili nikaandika kitu kuhusu mafuta ya jenereta.

Jumapili ilinyesha. Mvua yetu ikipiga mabati husikii hata mawazo yako, lakini filamu ile haikuhitaji kusikiwa. Watu walikaa wamebanana, nguo zinafuka mvuke, tayari kucheka. Kaka alitafsiri maneno ya mwanzo. Mwenzake akatoka, mlango ukafungwa. Kaka akateremsha mikro mapajani.

Mvua ikapungua, watu wakamtazama. Mama muuza jibini akauliza, "Papa mwalimu, anasema nini?"

"Hasemi kitu, Mama."

Muda ukapita. Mtu yule akapima hewa, akaandika namba.

"Na sasa?"

"Angali anangojea."

Mtu wa nyuma akagonga ukuta. Nilikuwa najua kinachofuata, nilimjua yule mtu wa vumbi kuliko jirani zangu. Akachukua vikombe viwili, akamimina maji. Hapo ndipo watu walipoanza kucheka wenyewe, kabla ya neno lolote, kwa mazoea niliyowafundisha mimi. Kaka akainua mikro. Nilifikiri anakwenda kuwapa mama mkwe, kwa ajili yangu, ili mabenchi yasibaki tupu. Sauti yake ilitoka ileile ya darasani, haikupanda.

"Mimi nilingojeaka vile. Kule pori, siku inne. Tulikuwa babili tu, mimi na muke wangu. Akaenda kutafuta mihogo, akaniambia nisitoke. Kumuita jina, hapana, sauti ingetuuza. Tulikuwa na bikombe bibili. Kila asubui nilisafisha byote bibili."

Kicheko kilikatika. Kwenye televisheni mtu yule alikuwa anafuta kikombe cha pili.

"Siku ya inne akarudi, na mihogo. Yeye iko nyumbani sasa, pengine anapika majani ya sombe. Ndo maana hakuna mwenye aliniulizaka. Batu banasema hii filme haina mwisho. Mwisho niko nayo kwangu. Ile ya katikati ndo hakuna mwenye aliuliza."

Akaweka mikro chini, hakuigusa tena. Sijui kama watu walitazama filamu ao walimtazama yeye. Katika chumba kile kuna waliolala porini, kuna wanaokaa kambini mpaka leo wakimngoja mtu, na mimi niliwasemea wote mambo ya mbuzi kwa miaka sita. Hakuna aliyegonga ukuta. Mama muuza jibini alikuwa ameshika beseni lake tupu kifuani. Mlango ulikaa kwenye televisheni kwa muda wake wote, mrefu vile vile, na mara hii hakuna aliyegeuka kunitafuta.

Sitaki kudai kwamba filamu iligeuka nzuri. Vijana wawili walitoka. Mchungaji mmoja alisinzia akakoroma. Mwishoni, watu wakisukumana kutoka, nilimsikia mtu akisema ile ya zamani ilikuwa tamu zaidi, na hakukosea. Aliyetengeneza ile ya ukungu mpaka kesho nitasema anajivuna, na kaka mwenyewe alikiri usiku ule mezani kwamba naye hakuimaliza. Lakini nilikuwa nimesema kwamba aliyetengeneza ile ya vikombe hajawahi kungoja kitu. Nilimwambia hivyo mtu aliyekuwa amengoja, mbele ya chai, nikajipenda.

Tulibaki wawili, mabenchi na harufu ya makoti yaliyolowa. Alikuwa anakunja waya wa mikro, vibaya, kwa namna inayoukata. Nikafungua daftari nikaandika: *Ni ndefu mno, kaka. Nisamehe.* Alitafuta miwani mfukoni, akasoma, akasoma tena.

"Iko murefu, kweli," akasema.

Akataka kunirudishia daftari. Nikamzuia kwa mkono, nikachukua kalamu, nikaandika chini yake: *Siku ya pili ulifanya nini?*

Alilisoma swali lile. Kisha akauacha waya, akakaa kwenye benchi la mbele, pale pale alipokaa mara ile, akavua miwani na kuanza kunisimulia, tangu asubuhi ya siku ile.